Nihalalishie, Rayhana

Ijumaa, 20 Juni 2014

Nimenunua daftari hili dukani kwa Wapakistani karibu na Gare du Nord kwa sababu wakili ametaka tuandike. Maître Viviane ni Mkongo wa Lubumbashi, na akikushika na jambo hakuachi. "Andika, maman Hidaya," ameniambia. "Andika kila kitu, hata ya bure bure. Kichwa inasahauka."

Basi naandika. Mimi ni Hidaya, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee hapa Schaerbeek, nawaogesha Wabelgiji na kuwasikiliza wakilalamikia supu. Naishi na mume wangu Hamisi, dereva wa basi, na mama yangu Rayhana, ambaye halalamikii supu wala kitu kingine chochote, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mama alikuwa mtoto wa serikali. Ndivyo walivyoitwa machotara wa enzi ile: baba mzungu, mama mweusi, na serikali ya kikoloni ikawachukua kwa mama zao ikawapeleka kwa masista milimani. Mama alichukuliwa Buyenzi akiwa bado na meno ya utoto. Masista wakambatiza Renée. Alipofika miaka tisa wakamteremsha Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, katika nyumba za wazungu, kubembeleza watoto, kufua nepi na kupiga pasi. Alizungushwa nyumba hata nyumba mpaka karibu na uhuru. Wenye nyumba walilipa mshahara, lakini haukupita mkononi mwake. Ulikwenda ofisi ya ulezi, ili watoto wawekewe mpaka wakue. Wamekua, wamezeeka, wengine wameshazikwa, na hakuna aliyeonja kitu.

Mama na wenzake wameishtaki serikali ya Ubelgiji, nayo inasema hapakuwa na mshahara, watoto walikuwa wanafundishwa kazi tu. Kwa hiyo anatakiwa mtu wa ofisi ile ile aape kwamba mshahara ulikuwepo na ulikusanywa. Amebaki mmoja hai, naye ni tonton Willem, mzungu tunayemwita mjomba. Leo amekubali. Tarehe 17 Julai atakwenda kwa notaire, ofisa wa viapo, Porte de Namur, kula kiapo. Nimepiga vigelegele jikoni mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumapili, 22 Juni

Niandike habari za tonton Willem, maana asiyemjua atashangaa tunavyompenda.

Ana miaka themanini na kitu, mrefu, shingo imeinama kidogo, na Kiswahili chake ni cha Usumbura ya zamani, kitamu kuliko cha Hamisi. Alikuwa karani kijana wa ofisi ya ulezi. Ndiye aliyekuwa akipita na gari nyumba za wazungu, kuwaangalia watoto, kuwahamisha wakibadilishiwa nyumba, na kuchukua mshahara wao kwenda kuuweka. Hakutuficha hilo hata siku moja. Tulipofika hapa mwaka 1996 tukikimbia vita, alitutafuta yeye mwenyewe mpaka kituo cha wakimbizi. Alisimama mlangoni akaita, "Rayhana!" Hakusema Renée. Alisema Rayhana, jina ambalo bibi yangu alimpa mtoto wake na masista wakamvua. Mama alilia kifuani pake kama mtoto.

Makaratasi yetu ni yeye. Nyumba ya kwanza ni yeye, na kazi yangu ni yeye aliyenishika mkono kunipeleka. Nilipoolewa, baba yangu akiwa ameshafariki, tonton Willem alikaa upande wa wazee wangu na kupokea salamu za wakwe. Kila Idi anakula kwetu.

Jumanne, 24 Juni

Mvua. Bibi mmoja kazini amenitupia tunda la pea. Nimenyamaza, nimekumbuka Shaabani inaisha.

Ijumaa, 27 Juni

Mfungo ni kesho, au keshokutwa. Waturuki wanasema kesho, Wamoroko wanangoja mwezi, na Hamisi anasema atawafuata watakaochelewa.

Simu hazijanyamaza tangu asubuhi: nisamehe, nihalalishie. Ndiyo desturi yetu, mtu haingii Ramadhani na haki ya mwenziwe shingoni. Unaombwa, unasema "nimekuhalalishia", na neno hilo likishatoka limetoka. Hurudi tena kudai, hapa wala mbele ya Mungu. Mimi leo nimemhalalishia hata shemeji yangu aliyekula pesa ya masufuria ya harusi yangu. Imeniuma, lakini nimesema.

Mama huombwa na wachache. Watu hawajui kama wamemkosea, kwa sababu uso wake haubadiliki.

Jumanne, 1 Julai

Uhuru wa Burundi, na usiku huu Ubelgiji wanacheza na Wamarekani. Honi zimeshaanza barabara nzima. Jua la nchi hii halijui kwamba watu wamefunga: saa ya futari inakaribia na bado naona vizuri maua ya mapazia.

Alhamisi, 3 Julai

Kiu. Sina la kuandika ila kiu.

Jumapili, 6 Julai

Tonton Willem amefuturu kwetu. Alikuja na tende, akakaa mezani kungoja adhana ya simu, na hakugusa maji mpaka sisi tumegusa. Hamisi, ambaye njaa humfungua mdomo, akamchokoza.

"Tonton, sema kweli. Unafungaka, ao unangojaka tu sambusa?"

"Mi nafungaka toka saa kumi na mbili ya jioni, Hamisi. Ni juu ya kumuheshimu muke wako."

Tulicheka. Baada ya uji, mama akaanza kuongea, na mama hazungumzi habari za utoto wake hata ukimlipa. Alisema alikuwa anapanda juu ya kasha ili afikie meza ya pasi. Alisema kuna nyumba moja walimpa chakula chake nje, karibu na mbwa, na mbwa alikuwa mwema kuliko wao. Tonton Willem aliinamisha kichwa. Halafu akauliza jambo ambalo lilinigusa.

"Rayhana, muntu akikukosea, na akakufa bila kukuomba, inakuwa namna gani?"

"Atanikuta mbele ya Mungu," mama akasema.

"Na akikuomba mbele ya kufa?"

"Bon, nikimuhalalishia, imekwisha. Hata Mungu hamuulize tena."

Akatikisa kichwa polepole, akarudia, "Hata Mungu." Nilipokuwa naosha vyombo nilimwambia Hamisi tujiandae, huenda mzee huyu akasilimu kabla ya Idi.

Jumatano, 9 Julai

Roos, binti yake tonton Willem, alipiga simu usiku. Moyo umemsumbua mzee, yuko kitandani. Mama hakula daku, alikuwa juu ya mswala. Nimeogopa sana. Nimeogopa kwa ajili yake, na nimeogopa pia kwa ajili ya kiapo, kisha nikaona haya.

Jumamosi, 12 Julai

Tumetoka Ixelles. Bado nina machozi, lakini ni machozi mazuri, na nataka niandike kabla hayajakauka.

Tonton Willem ndiye aliyetuita. Nyumba yake iko karibu na mabwawa, ghorofa ya juu, sakafu ya mbao inang'aa mpaka unajiona. Mama alivua viatu mlangoni, ingawa Roos alimwambia hakuna haja. Roos akatuletea kahawa, akakumbuka kwamba tumefunga, akaona aibu, akairudisha jikoni. Ndani tulimkuta shehe Abdul-Aziz, imamu wa msikiti wetu, amekaa kwenye kiti kando ya kitanda. Alikuwa ameitwa na tonton Willem pia. Nikasema moyoni, hiyo ndiyo heri niliyoitabiri, mzee anasilimu.

Hakusilimu. Alimshika mama mkono akasema, kwa Kiswahili safi ambacho mimi mwenyewe sikipati: "Rayhana, mimi ni mzee na safari iko karibu. Kama kuna haki yako yoyote iko kwangu, ndogo au kubwa, ninayoijua na nisiyoijua, nihalalishie, Rayhana. Nihalalishie duniani na kesho akhera."

Mama akaanza kulia. "Willem, nikuhalalishie nini? We haukunikosea kitu. Wewe ulikuwa mwenye gari tu."

"Sema, dada yangu. Nipate kupumzika."

"Nimekuhalalishia. Haki zangu zote, ndogo na kubwa. Duniani na akhera."

"Mbele ya shehe?"

"Mbele ya shehe na mbele ya Mungu."

Shehe akaomba dua. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, nalia kwa kwikwi. Roos alisimama mlangoni, simu ameishika kifuani, naye macho mekundu. Tulipoondoka tonton Willem alikuwa amesinzia, uso umetulia. Katika basi mama aliniambia kwamba katika wazungu wote waliopita katika maisha yake, huyu ndiye wa kwanza kumwomba radhi, na tena hana kosa.

Jumapili, 13 Julai

Mama amelala vizuri. Na mimi pia.

Jumanne, 15 Julai

Maître Viviane amethibitisha: keshokutwa, saa nane mchana. Nimempigia Roos, hapokei. Labda yuko na daktari.

Alhamisi, 17 Julai

Hakuja.

Tulifika mapema, mimi, mama na Maître Viviane. Tulikaa kwenye viti vya ngozi, tukatazama saa ya ukutani na picha ya farasi. Notaire alitoka mara ya kwanza akitabasamu. Mara ya pili hakutabasamu. Mama alisema labda moyo umemzidi, twende Ixelles tukamwone, akaanza kuvaa koti.

Hapo Roos akapiga. Hajui Kiswahili. Alisema Kifaransa taratibu, kama anayesoma. Alisema baba yake hatakuja, leo wala siku nyingine. Alisema mama yangu alimsamehe kila kitu, kwa hiari yake, mbele ya kiongozi wa dini yetu, na kumtaka sasa aape juu ya mambo yale yale ni kuvunja msamaha huo. "Papa anasema mama yako ataelewa," akasema. "Anasema ninyi mnaelewa mambo haya kuliko sisi." Kisha akaniambia ana sauti, na kabla sijauliza sauti gani nikamsikia mama yangu ndani ya simu, analia: nimekuhalalishia, haki zangu zote.

Wakati mimi nalia pale ukutani, mwenzangu alikuwa anarekodi.

Viviane aliuliza maana ya neno hilo. Yeye ni mlokole, halijui. Nilipomweleza akasema, "Donc alijua. Huyo mzee alijua ni neno gani ya kuomba."

Mama alikuwa ameshavua koti tena.

Ijumaa, 18 Julai

Nimefanya kazi kama mashine. Sikumwambia mtu.

Jumamosi, 19 Julai

Nimempigia mzee Karimu wa Liège, mtoto wa serikali mwenzake mama katika kesi, kumpa habari. Sikufika mbali.

"Mi pia," akasema.

"Wewe pia nini, papa Karimu?"

"Alikuja mwezi wa Mai. Alileta gâteau ya sukari. Akasema eko mugonjwa, atakufa sasa hivi, nimuhalalishie. Alikuja na imamu wa huku. Nikamuhalalishia. Ningekatala namna gani, Hidaya? Muntu anakuomba ile, utamukatalia?"

"Na mwenzenu bi Naïma wa Anvers?"

"Alianza na Naïma. Naïma mwenyewe aliniambiaka, mbele ya kufa."

"Na Désiré?"

"Désiré ni Mukatoliki, ye alimupeleka kwa misa. Wakapeana mukono ya amani." Papa Karimu akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Kila muntu na dini yake."

Kwa hiyo si ugonjwa, ni mzunguko. Amepita mlango hata mlango kama alivyokuwa akipita zamani na gari lake, na safari hii amekusanya msamaha. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mimi nilikuwa nakipikia sambusa. Nimempenda mtu huyu miaka kumi na minane. Najisikia kama nimevuliwa nguo sokoni.

Jumapili, 20 Julai

Nimegombana na mama, na nimefunga. Mungu anisamehe.

Nilimwambia tuendelee na kesi bila yeye. Tumwite Willem kwa nguvu ya sheria, na mama asimame aseme amedanganywa. Alikuwa anachambua mchele wa futari. Hakuinua uso.

"Hapana. Mi nilishatoa neno."

"Alikudanganya, maman! Hata hakuwa mugonjwa!"

"Sikumuhalalishia juu ya ugonjwa. Nilimuhalalishia juu aliniomba."

"Na mshahara yako? Utoto yako yote?"

"Willem hakukula. Walikula wakubwa. Yeye anaogopa tu majudge na magazeti, ni muzee, ana haki ya kuogopa. Nilimuhalalishia hewa, Hidaya. Hakuna kitu yangu kwake." Akaendelea na mchele. "Na nikirudisha neno yangu leo, kesho nitakuwa na nini? Masista walichukua jina. Wazungu walichukua mikono. Neno ni yangu, hakuna mutu aliichukuaka."

Nilipiga mlango kwa nguvu. Nilimwita mama yangu mjinga, kwa sauti, koridoni. Majirani hawajui Kiswahili, lakini sauti ile inajulikana katika lugha zote.

Jumatatu, 21 Julai

Sikukuu ya taifa. Ndege za jeshi zimepita juu ya mapaa. Mama hupenda kuziangalia. Leo hakwenda dirishani.

Jumatano, 23 Julai

Nimekwenda kwa shehe Abdul-Aziz baada ya alasiri. Kumbe naye hajalala vizuri tangu alipopata habari. Alifikiri ameitwa kwa mgonjwa anayetaka kusafisha moyo wake.

"Alitaja alichokichukua?" akaniuliza.

"Hakutaja. Alisema ndogo ao kubwa, anayoijua na asiyoijua."

Akashika ndevu. "Hapo wanazuoni wamehitilafiana. Kuna wanaosema anayeomba lazima ataje, mwenye haki ajue anaachilia nini. Wengine wanasema neno la jumla linatosha."

"Na wewe unasema nini, shehe?"

"Mimi ninasema haki ni ya mama yako. Ni yeye ataamua, si mimi, na si wewe pia, Hidaya."

Nilitoka bila kuaga vizuri. Nilikwenda kutafuta fimbo nikapewa pamba.

Ijumaa, 25 Julai

Hamisi amerudi kutoka kazini, akakaa na viatu vyake muda mrefu. Kisha akasema leo abiria mmoja amepanda basi lake la 71 pale Porte de Namur: tonton Willem, shati limepigwa pasi, mfuko wa mboga za liki mkononi, mzima kama mimi na wewe.

"Alinisalimia. Ati Ramadhani karimu, Hamisi."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilifunga mlango, nikaendesha. Ni kazi."

Mama alikuwa anasikiliza. "Alhamdulillahi," akasema, "amepona." Nilikwenda chooni nikauma taulo.

Jumatatu, 28 Julai. Idi

Naandika jioni. Nitaandika yote, kwa mfuatano wake.

Adhuhuri kengele ililia. Alikuwa tonton Willem, na suti yake ya kila Idi na boksi la chokoleti. Nilisimama mlangoni nikaujaza mlango. Nilikuwa nimekwisha kuchagua tusi. Mama akaita kutoka ndani, "Mugeni wa Idi harudishwe, Hidaya," nikasogea. Hamisi alikuwa kazini. Nashukuru kwamba alikuwa kazini.

Alikaa mahali pake. Mama akampakulia pilau, akamwekea kachumbari kando kwa sababu tumbo lake halipendi pilipili. Wakaulizana afya. Mimi nilibaki nimesimama kwenye mlango wa jikoni, sahani mkononi. Mama akanitazama, akamtazama yeye, akasema:

"Willem, nisaidie na huyu mutoto. Ana hasira na wewe, na hasira itamuua. Mwambie weye mwenyewe, kwa kinywa yako, kama haukukula mushahara yetu. Akisikia kwako atatulia."

Naapa mama alikuwa anatabasamu. Alikuwa anamfungulia mlango apite.

Tonton Willem akaweka uma chini. Nilifikiri atasema hapana, na aibu yangu ni kwamba nilitamani aseme hapana. Kama angesema, ningemwamini.

"Rayhana," akasema, "sasa hakuna ubaya tena kusema. Umeniondolea. Nilikula."

Mama akabaki na tabasamu lile lile, kama limesahauliwa usoni.

"Tulikuwa tunafunga ofisi," akaendelea, na sauti yake ilikuwa nyepesi, sijawahi kuisikia nyepesi vile. "Ilikuwa uhuru, kila mtu alikuwa anabeba kitu. Sanduku ya watoto ilikuwa kwangu. Wakubwa walishaondoka. Nilijiuliza, nitawapa nani? Watoto wametawanyika, wengine Kongo, wengine kwa mama zao. Nikapanda ndege nayo. Appartement ya Ixelles, acompte yake, malipo ya kwanza, ilitoka mule. Nilikuwa nataka kukuambia miaka yote hii, Rayhana. Nilikuwa naogopa. Ndiyo sababu niliwatafuta kule centre ya wakimbizi, mjue. Ndiyo sababu ya makaratasi, ya nyumba, ya kila kitu. Lakini haikutosha, nilikuwa silali. Sasa nalala."

Mama akauliza kitu kimoja. "Ile nyumba nilikuja kukuona?"

"Ile ile."

"Nilivua viatu," mama akasema.

Kwenye ngazi watoto wa jirani walikuwa wanakimbizana na nguo zao mpya.

"Mi nilikuhalalishia juu nilijua hauna kitu yangu," mama akasema tena. "Nilikuhalalishia juu nilikuona musafi."

Tonton Willem akamwekea mama mkono juu ya mkono wake, kwa upole kabisa. "Neno ni neno, Rayhana. Ni ninyi mlinifundisha."

Nilitaka kumpiga na sahani. Nasema kweli, nilipima umbali. Mama akauvuta mkono wake taratibu, akauweka mapajani.

"Ndiyo," akasema. "Neno ni neno. Maliza kula, inapoa."

Na akamaliza. Alikula pilau mpaka punje ya mwisho, akasema asante, akambusu mama mashavuni kama kila mwaka, akashuka ngazi kwa kushika ukuta. Boksi la chokoleti nimelitia kwenye takataka, na takataka nimeishusha chini.

Mama aliketi pale pale mpaka magharibi. Nilikaa sakafuni nikaweka kichwa magotini pake, nikamwomba radhi kwa neno nililolisema koridoni. Alinipapasa. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anayepanga ya kununua sokoni:

"Mi sidai tena. Nilishasema, Mungu alisikia, siwezi kumufanya Mungu muongo. Lakini Willem aliniomba nimuhalalishie haki yangu. Hakuniomba nifunge kinywa. Na haki ya Désiré si yangu. Telefonia Viviane. Mwambie nitaapa ile nimesikia leo na masikio yangu, na we pia ulisikia."

Jumatano, 30 Julai

Désiré amenipigia kutoka Namur. Nilimweleza yote. Akasema, "Mi nilimupa mukono kanisani, Hidaya. Mushahara sikumupa." Nimecheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, halafu kicheko kikageuka kilio.

Nimejaribu kujua ni lini nilipaswa kumshuku. Sipati. Wema wake ulikuwa wema, makaratasi yalikuwa makaratasi ya kweli. Hilo ndilo linaloniumiza: siwezi hata kusema alijifanya. Alitupenda kwa pesa yetu wenyewe.

Jumamosi, 2 Agosti

Tangu Idi tonton Willem anampigia mama kila jioni, saa ile tuliyokuwa tukifuturu. Jina lake linawaka kwenye kioo. Mama hapokei, wala haizimi. Anaiangalia mpaka inanyamaza, kisha anaendelea na kazi.

Jumanne, 5 Agosti

Tumeapa.

Maître Viviane alituambia wazi kabla hatujaingia: Willem atakana, binti yake ataleta ile sauti, na sisi ni wanawake wawili tuliosikia maneno mezani. "Lakini ni kitu," akasema. "Jana hatukuwa na kitu." Kwa Désiré na wengine wanne waliobaki inaweza kutosha kufungua mlango. Kwa mama haifungui chochote, na mama anajua.

Notaire alikuwa na adabu. Alimwuliza mama majina yake yote mawili, akayaandika yote mawili. Alimwuliza anadai nini, mama akajibu kwa Kifaransa cha masista, kilichonyooka kama shuka: hakuna, bwana. Notaire akadhani hajaelewa, akarudia. Mama pia akarudia. Kisha akamwuliza mtu huyo ni nani kwake. Hapo mama aliangalia ile picha ya farasi. Akasema ni mtu aliyekuja kunichukua nilipokuwa mdogo, na akaja tena kunitafuta nilipokuwa mkubwa. Viviane akafuta macho. Mimi nilisoma maelezo yangu, nikatia sahihi.

Tulirudi tumechoka. Hamisi alipika, yaani alichemsha mayai. Tulikuwa bado tumevaa nguo za kutokea simu ilipoanza. Ililia, ikanyamaza. Ikaanza tena, jambo ambalo haijawahi kufanya, ikalia mpaka mwisho, na ikaanza mara ya tatu. Mama alikuwa amekaa nayo mapajani, mikono ameitoa kando ili asiiguse.

Ikanyamaza.

"Hidaya," akasema, "na kama leo anaumwa kweli?"

Nilifungua kinywa nimwambie aache, kwamba mtu yule hastahili hata swali hilo, kwamba leo hii tumeapa juu yake mbele ya sheria. Lakini koti langu lilikuwa limeshatoka msumarini, nami ndiye niliyelishika.